Mpini wa Mbao na Kiganja cha Rubani



Katika ndege ndogo kuna kitu kimoja ambacho mkono wa rubani hauachani nacho tangu magurudumu yaanze kusogea hadi injini izimwe. Saa na vipimo vilivyo mbele yake huvitupia jicho tu. Swichi hubonyeza akaachia. Lakini fimbo ya usukani, ile inayochomoza sakafuni katikati ya mapaja yake, huishika karibu safari nzima, na kwa fimbo hiyo ndege humweleza mengi kabla hajayaona kwa macho: upepo unaoanza kuinua bawa moja, mwendo unaopungua kupita kiasi, mtetemo wa mabawa yanayokaribia kushindwa kuibeba ndege. Mazungumzo yetu leo ni juu ya mpini wa fimbo hiyo, na hasa mpini wa mbao anaouchonga mtu kwa mikono yake, kwa ajili ya ndege aliyoiunda kwa mikono yake.

Pengine unajiuliza, kweli wapo watu wanaounda ndege nyumbani? Wapo, tena wengi. Nchini Marekani jambo hili lina chama chake na sheria yake. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake, huko Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, walianzisha chama cha ndege za majaribio ambacho ulimwengu unakijua kwa herufi tatu, EAA. Tangu 1970 mkutano wake mkubwa wa kiangazi umekuwa ukifanyika Oshkosh, mji wa jimbo hilohilo, na watu huja wakiwa wamepanda ndege walizozipiga ribiti katika gereji za nyumba zao. Sheria ya mamlaka ya anga ya huko inamruhusu mtu kuunda ndege yake kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Mafundi wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Ndege ikikamilika, karibu na mlango huandikwa neno la kumjulisha kila anayepanda kwamba hii ni ndege ya majaribio, kwa herufi zisizopungua inchi 2 kwa urefu, ili asiwepo wa kusema hakuliona.

Wengi hawaanzi na karatasi tupu. Hununua vipande vilivyokatwa tayari kutoka kampuni kama Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven, ambayo ndege zake za jamii ya RV zilizokwisha kuruka zimepita 10,000. Katika vifurushi vya namna hii fimbo ya usukani huja ikiwa bomba la chuma lisilo na kitu juu. Kitakachovikwa pale ni shauri la mwenye ndege. Yupo anayevika sponji ya mpini wa baiskeli, akapaa, akatua, akaridhika. Yupo anayenunua mpini wa plastiki wenye vitufe vyake tayari. Na yupo anayekwenda kwenye rundo la mbao akachagua kipande, akakaa nacho jioni kadhaa na tupa na msasa. Mimi niko upande wa huyu wa tatu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuitazame fimbo yenyewe ilikotoka. Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa ukoo wa Wright waliporuka kwa mara ya kwanza, hawakuwa na fimbo ya namna hii. Rubani alilala kifudifudi. Alisogeza nyonga zake kushoto na kulia ili kuyapinda mabawa, na mkono wake wa kushoto ulishika wenzo wa kuinua na kushusha pua ya ndege. Ni Mfaransa Robert Esnault-Pelterie ambaye mwaka 1907 aliweka fimbo moja ya kuendeshea ndege, na mtindo huo ukashika. Tangu hapo umbo la sehemu ya kushika limebadilika mara nyingi. Ile ndege ya kivita ya Waingereza, Spitfire, ilikuwa na duara juu ya fimbo, mfano wa mpini wa sepetu, na kitufe cha mizinga kikawekwa palepale penye kidole gumba. Chumba chake kilikuwa chembamba mno hata fimbo ikatiwa kiungo katikati: ukiivuta au kuisukuma inakwenda yote, lakini ukiilaza kushoto au kulia inayokwenda ni nusu ya juu tu, maana mapaja ya rubani hayakuacha nafasi. Hapo unaona jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu leo. Mwili wa mtu ndio ulioamua umbo la chuma.

Lakini mwili wa mtu yupi? Hapa pana kisa ambacho kila fundi angefaa kukijua. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani wake, zaidi ya 4,000, likitaka kujua vipimo vya rubani wa wastani ili chumba cha rubani kitengenezwe kumfuata yeye. Luteni mmoja kijana, Gilbert Daniels, alichukua vipimo 10 vilivyohusu zaidi kazi ya kukaa na kuendesha: urefu wa mtu, mzingo wa kifua, urefu wa mkono, na vingine vya namna hiyo. Kisha akauliza swali ambalo wakubwa wake hawakuwa wamelifikiria: kati ya marubani hawa 4,063, ni wangapi walio wa wastani katika vipimo vyote 10? Hakuwa mkali. Alikubali kila aliyeangukia katika fungu pana la katikati. Jibu lilikuwa sifuri. Hakupatikana hata mmoja. Mwenye mikono ya wastani alikuwa na miguu mirefu, mwenye kifua cha wastani alikuwa na nyonga nyembamba. Chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo duniani.

Taarifa yake ya mwaka 1952 ilisukuma mawazo kuelekea viti vinavyosogezwa, mikanda inayokazwa na kulegezwa, pedali zinazofuata urefu wa mguu. Sasa fikiria mpini. Mpini wa kiwandani hausogei wala haupungui. Mwenye vidole vifupi na mwenye vidole virefu wanauziwa mmoja. Kitufe cha redio kimekaa pale kilipokaa, na kama kidole gumba chako hakikifikii, utalegeza mkono kila unapotaka kusema na mnara wa waongoza ndege. Huo ni mlegezo mdogo, nakubali, lakini unatokea wakati ule ule wa kukaribia kutua, ardhi ikiwa karibu, mwendo ukiwa mdogo, na maneno ya redio yakiwa mengi. Anayechonga mpini wake anaiondoa hitilafu hiyo kwa tupa.

Umbo la kitu kinachoshikwa lina uzito zaidi kuliko tunavyodhani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege kubwa za mabomu za aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, halafu wakiwa bado wanakimbia ardhini wanakunja magurudumu na kuilaza ndege tumboni. Makamanda waliona ni uzembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipotazama ndani ya chumba cha rubani aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zilikuwa jirani na zilifanana. Rubani aliyechoka, tena gizani, alinyoosha mkono kukunja flapu akakunja magurudumu. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kigurudumu kidogo cha mpira kwenye wenzo wa magurudumu, na kipande chenye umbo la bawa kwenye wenzo wa flapu. Vidole vikajua vimeshika nini bila kuuliza macho. Mpaka leo kanuni za Marekani za ndege kubwa za abiria zinataka kichwa cha wenzo wa magurudumu kiwe na umbo la gurudumu, na cha flapu kiwe na umbo la flapu.

Na upande wa ndege za kuundwa nyumbani kuna msiba ambao wapenzi wa muziki wanaukumbuka. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alianguka na ndege yake katika ghuba ya Monterey, California, akafariki. Ndege ilikuwa Long-EZ, iliyosanifiwa na Burt Rutan, na ilikuwa imeundwa na mtu mwingine. Denver alikuwa ameinunua siku za karibuni. Wachunguzi waligundua kwamba mkono wa kuchagua tangi la mafuta haukuwa mahali ulipopangwa katika michoro. Muundaji aliuweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Ili kuufikia, rubani alilazimika kujigeuza kitini, na mtu anapojigeuza namna ile mguu wake wa kulia huwa tayari kusukuma pedali. Ndivyo wachunguzi walivyoona ilivyotokea: akili ilihamia kwenye mafuta, mguu ukakanyaga bila kukusudia, ndege ikapotea mkononi. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kwamba mambo ya mshiko na mahali pa kushika ni mapambo. Uhuru wa kuunda ndege yako ni uhuru wa kuweka kila kitu mahali pake, na ni uhuru uleule wa kukiweka mahali pa hatari.

Sasa twende karakana.

Fundi anayejua kazi hagusi mbao siku ya kwanza. Anachukua udongo wa kufinyanga, anaufungia juu ya bomba la fimbo, kisha anaketi kitini kama atakavyoketi safarini: mikanda imefungwa, mto wa kiti upo, viatu ni vile vya kurukia. Mkono anaulaza juu ya paja, anafumba macho, anashika. Alama za vidole zinabaki kwenye udongo. Hebu nawe msikilizaji jaribu hapo ulipo. Shika kalamu ndani ya ngumi, laza mkono wako juu ya paja bila kuukaza, halafu uitazame kalamu. Haikusimama wima, kichwa chake kimeinamia mbele. Huo ndio mwinamo wa asili wa kiganja. Bomba la ndege lililosimama wima linakulazimisha ukunje kifundo cha mkono, na ukiruka saa mbili utajua. Kwa hiyo mpini mzuri huinamishwa mbele kidogo juu ya bomba, na kiasi cha kuinamisha kinatoka kwenye ngumi ya mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Katika ndege ambamo rubani na abiria wanaketi bega kwa bega, wenzo wa nguvu za injini mara nyingi uko katikati, baina yao. Rubani wa kiti cha kushoto, wakati wa kutua, ana mkono wa kulia kwenye injini, kwa hiyo usukani uko mkono wa kushoto. Mpini wake unapaswa kuchongwa kwa kiganja cha kushoto, na ule wa jirani yake kwa kiganja cha kulia. Miwili hiyo inatazamana mithili ya mkono wako na taswira yake kiooni. Katika ndege za kukaa mmoja mbele na mwingine nyuma, mambo hugeuka: usukani kulia, injini kushoto. Mtu akiagiza mpini bila kueleza ndege yake imepangwaje, ataletewa kitu kizuri cha mkono usio wake.

Unene nao una mantiki yake. Mkono hushika vizuri kitu chenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 hivi. Bomba la fimbo katika ndege nyingi za jamii hii lina kipenyo cha inchi 1, yaani milimita 25. Toa hesabu: mbao inayobaki kuzunguka bomba ni ganda la milimita 2.5 hadi 7.5. Ganda jembamba hivyo halisamehi uchaguzi mbaya wa mbao. Nyuzi za mti lazima ziende na urefu wa mpini, kutoka chini hadi juu; zikikatiza, mpini utapasuka siku ya kwanza utakapokazwa. Wakulima wetu wanalijua hili kwenye mpini wa jembe, ambao hukaguliwa nyuzi zake kabla ya kulipiwa.

Wamarekani wengi huchagua walnati, mti wa kwao, wenye rangi ya kahawia iliyokolea na uzito wa katikati, unaokubali kuchongwa. Wengine huchukua cheri. Lakini ukifika kwenye meza za mafundi wanaochonga mipini ya visu na vitu vya thamani, utakutana na mti wetu. Mpingo, ambao wataalamu wa miti huuita Dalbergia melanoxylon, unatoka Tanzania na Msumbiji kwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa zumari za klarineti na obo. Ni mti mzito, huzama majini. Unang'aa bila vanishi, na ukiukereza unatoka laini mfano wa pembe.

Je, unafaa kwa mpini wa ndege? Nimelitafakari swali hili kwa mapenzi yote ya mti huu, na jibu langu ni kwamba unafaa kwa tahadhari. Mpini wa walnati unaweza kuwa na gramu 100 hivi. Umbo lilelile kwa mpingo litakaribia mara mbili ya hapo. Gramu 100 za ziada mfukoni hazina maana, lakini juu kabisa ya fimbo, mbali na egemeo lake, kila ndege inapotikiswa na hewa uzito huo unavuta mkono. Katika ndege ambayo usukani wake ni mwepesi wa kuongozwa kwa vidole viwili, rubani atauhisi. Tena vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuumiza pumzi za baadhi ya watu, na makali ya vifaa huisha upesi. Na kuna sheria: tangu mwaka 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo gogo au kipande kisichochongwa hakivuki mipaka bila karatasi zake. Jambo la kufurahisha ni kwamba wilayani Kilwa, Tanzania, mwaka 2009 misitu ya asili ya baadhi ya vijiji ilipata cheti cha FSC cha usimamizi mzuri, na mpingo wake ukaweza kuuzwa kwa jina safi. Anayetaka mpingo autafute wa namna hiyo, kisha autumie kwa kiasi: kifuniko cha juu, au ukanda mwembamba uliopachikwa ndani ya mti mwepesi.

Kwa mwili wa mpini mimi ningechagua mninga. Uzito wake unakaribiana na wa walnati, rangi yake ina joto, harufu yake wakati wa kupiga randa inajulikana kwa kila aliyekulia karibu na seremala, na una sifa moja ambayo hapa ndiyo kubwa kuliko zote: ukishakauka hautaharuki. Haupindi wala hausinyai ovyo. Zingatia kwamba ndege hizi nyingi zimefunikwa juu kwa kioo. Zikiegeshwa juani, ndani panakuwa tanuri. Zikipaa, panakuwa baridi. Mbao husinyaa na kutanuka kwa upana wake kadiri unyevu unavyotoka na kuingia, ilhali bomba la chuma lililo ndani yake halisinyai pamoja nayo. Mbao iliyobanwa kabisa juu ya bomba itavutwa mpaka ipasuke. Kwa hiyo hata mninga huachiwa upenyo wa unywele baina yake na chuma. Mti una zawadi yake pia katika joto hilo: chuma kilichokaa juani kinachoma kiganja, mbao inashikika.

Kazi yenyewe ya kuchonga ina mpangilio usiogeuzwa. Tundu kwanza, umbo baadaye. Kipande kikiwa bado mraba, pande zake zikiwa bado zimenyooka, hubanwa kwenye jiliwa na kutobolewa kwa mashine iliyosimama, kwa sababu ukishakichonga kikawa na mikunjo ya kiganja hakuna tena upande wa kupimia unyofu. Mafundi wengine hukipasua kipande katikati kwa urefu, wakachimba mfereji nusu huku na nusu huku kwa ajili ya bomba na nyaya, kisha wakakiunga tena kwa gundi ya epoksi. Mimi naipenda njia hii ya pili. Inakupa nafasi ya kuchimba kwa patasi chumba cha kila kitufe na njia ya kila waya, ukiona unachofanya, na nusu mbili za kipande kimoja zikirudishwa pamoja mishipa ya mti hukutana na kiungo hakionekani kwa urahisi.

Baada ya hapo ni msumeno wa kuondoa pembe, tupa ya meno makubwa, kisha msasa. Anza na namba 80, nenda 120, 220, ukitaka fika 400. Kabla ya msasa wa mwisho, lowanisha mbao kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke. Nyuzi zitasimama. Zisugue tena. Usipofanya hivyo, jasho la kiganja litazisimamisha kwa niaba yako angani.

Jasho ndilo linaloamua pia namna ya kumalizia. Vanishi ya kung'aa inapendeza pichani, lakini kiganja chenye jasho huteleza juu yake. Mafuta ya kitani au mafuta mengine ya mbao yanaingia ndani na kuacha mti ukishikika. Tahadhari moja, na naisema kwa uzito: matambara yaliyofutia mafuta ya kitani yasikunjwe yakaachwa karakanani. Yanapokauka hutoa joto, na yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje au yatie ndani ya maji. Wapo pia wanaochora juu ya mpini mistari myembamba inayokatizana, kazi ya watengenezaji wa vitako vya bunduki, ili vidole vipate pa kushikia. Ni kazi ya mikono iliyotulia, na ikifanywa vizuri sina neno nayo.

Vitufe viwe vichache. Cha redio kwa kidole cha shahada au gumba, na cha trimu, kile kinachompunguzia rubani kazi ya kusukuma na kuvuta katika safari ndefu. Sioni sababu ya kuweka kitufe cha kuwashia injini kwenye mpini, ingawa wapo wanaokiweka. Mkono unaokaza ghafla wakati wa mtikisiko haupaswi kuwa na kitu kama hicho chini yake. Kila kitufe kiwe na umbo lake au kina chake ndani ya mbao, ili somo la Chapanis lisipotee. Nyaya ziwe za nyuzi nyingi zinazokunjika, na pale zinapotoka chini ya fimbo ziachwe na mzunguko wa kulegea, maana zitakunjwa na kukunjuliwa kila fimbo inaposogea.

Kisha kufunga. Mpini unaozunguka mkononi ni wa kuogopwa kuliko bomba tupu. Lazima kuwe na bolti au pini inayoushika usigeuke, na tundu la pini hiyo litobolewe karibu na ncha ya juu ya bomba, ambako nguvu ya kulipinda ni ndogo. Chini, karibu na egemeo, chuma kinabeba mzigo wote na hakipaswi kuguswa. Anayekata bomba ili mpini ukae chini zaidi akumbuke kwamba anakata wenzo: fimbo fupi inakuwa nzito mkononi, na mwendo mdogo wa kidole unaleta mwendo mkubwa wa ndege.

Ukishafunga, keti na ufunge mikanda. Fimbo iende mbele mpaka mwisho, nyuma mpaka mwisho, pembe zote nne, huku mwenzako akiwa kiti cha pili na ramani imefungwa pajani. Ikigusa tumbo, paja, au ubao wa vipimo kabla ya kufika mwisho wake, kazi haijaisha. Wapo waliogundua hapo kwamba mpini waliouchonga kwa upendo ni mrefu kwa sentimita 2, wakarudi kwenye msumeno.

Neno langu la mwisho ni la ratiba. Nchini Marekani ndege ya kuundwa nyumbani hupewa saa za majaribio kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria, kwa kawaida saa 25 au 40 kutegemea injini na rafadha yake. Mpini upakwe mafuta tu katika kipindi hicho chote, vanishi isubiri, kama itahitajika kabisa. Rubani aruke saa zake, na kila akitua atie alama ya penseli pale ambapo kidole kiligombana na mbao. Saa zikikamilika, afungue pini, avute kiungio cha nyaya, auchukue mpini karakanani na kuondoa kidogo hapa na kidogo pale. Sponji haichongwi upya, na plastiki ya kiwandani ina nyaya chini ya ngozi yake. Mti unakubali, na baada ya saa 40 kiganja tayari kinajua kinataka nini.